Taa zinawaka, mashine haianzi: uzoefu wangu na mashine ya kufulia ya kilo 7

Nyota tatu kati ya tano. Kufua inafua vizuri, sitaisingizia. Mashuka yanatoka yamekamuka, jua la asubuhi tu linayamaliza, na sare za shule hazibaki tena na ule weupe wa sabuni kwenye kola. Nyota mbili nimezikata kwa sababu imenigomea kuanza zaidi ya mara moja, na kila ilipogoma chanzo kilikuwa kitu kidogo ambacho kitabu chake hakikifafanui, huku duka lililoniuzia likikimbilia kuniambia "bodi imekufa," yaani ule ubao wa umeme unaoiongoza mashine nzima.

Ni ya mlango wa mbele, ina hita ya kupasha maji, na nimeiweka kwenye kibaraza cha nyuma, Tabata, Dar es Salaam. Mahali nimepataja makusudi. Mashine hizi zinataka umeme uliotulia na maji yenye nguvu, na kwa wengi wetu umeme unapanda na kushuka, maji nayo yanapitia kwenye tangi kwanza.

Mtu akiniambia mashine yake imegoma, huwa namuuliza jambo moja kabla ya mengine: taa zinawaka au haziwaki? Kama haziwaki, usiguse mashine, anzia ukutani. Chomeka pasi kwenye soketi hiyohiyo. Pasi ikipata moto, fungua plagi ya mashine utazame fyuzi yake ya ampia 13. Hita ya mashine kama hii inakula kiasi cha wati 2000, yaani karibu ampia 9 kwenye umeme wetu wa volti 230. Zile ekstensheni nyembamba za kuchajia simu haziuwezi mzigo huo. Zinapata moto, plagi inaanza kuyeyuka kidogo kidogo upande wa ndani, na siku moja unakuta kimya. Gadi ya friji ya ampia 5, kile kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka, nayo haifai hapa, tafuta yenye uwezo mkubwa. Halafu gadi ina tabia ya kuuzuia umeme kwa dakika kadhaa baada ya kurudi. Jirani yangu aliwahi kumpigia fundi simu kwa sababu hiyo tu, na fundi akiwa bado yuko njiani mashine ikawaka yenyewe. Nauli ya watu akalipa.

Zangu taa zilikuwa zinawaka. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Kwanza hakikisha si kufuli ya watoto. Kuna kitufe, au viwili kwa pamoja, ambavyo mtoto akivishikilia kwa sekunde chache paneli nzima inaacha kukusikiliza. Unavishikilia tena hivyohivyo kuiondoa. Angalia pia kama haijategwa kuanza baada ya saa kadhaa. Haya mawili yanamalizwa kwa dakika moja na hayahitaji mtu wa kulipwa.

Mgomo wa kwanza kwangu ulikuwa wa maji. Mlango unajifunga, saa inaonyesha muda wa kufua, kisha kimya, na baada ya dakika kadhaa inalia na kuandika herufi za kosa. Herufi hizo kila kampuni ina zake, kwa hiyo kitabu usikitupe. Kitabu changu kinataka presha ya maji isiyopungua ba 0.5 (ba ni kipimo cha presha). Sasa piga hesabu: kila mita moja ya kimo cha maji inakupa takriban ba 0.1. Tangi letu lilikuwa kwenye mnara wa mita tatu, na mashine inaingizia maji karibu mita moja kutoka sakafuni. Unabaki na ba 0.2 hivi. Bombani maji yanatoka, ndoo inajaa, kila mtu anakuapia kwamba maji yapo, lakini mashine inaona hayatoshi. Muuzaji alijua naishi wapi, alijua kuna tangi, na hakuuliza kimo chake.

Nilipofungua mpira wa maji nyuma ya mashine nikakuta na mengine. Pale mpira unapoingilia kuna kichujio kidogo cha wavu, unakivuta kwa koleo taratibu. Changu kilikuwa kimejaa mchanga mwekundu na kimeganda ukoko mweupe wa chumvi, kwa sababu maji ya bomba yakikosekana tunajaza ya kisima. Siki kidogo na mswaki wa zamani vilikisafisha. Baadaye tukafunga pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba la mashine, na tatizo la maji likaisha. Kabla ya pampu, dada wa nyumbani alikuwa akimimina maji kwa jagi kupitia droo ya sabuni mpaka mashine iridhike. Inafanya kazi, lakini kama ni hivyo ulinunua mashine ya nini?

Mgomo wa pili ndio ulionipandisha hasira. Mashine inawaka, unachagua programu, unabonyeza kuanza, inatoa mlio mmoja, taa ya mlango inapepesa, basi. Duka wakaniambia kwenye simu, bila kuiona, kwamba ni bodi, niilete na nijiandae kulipa karibu theluthi ya bei niliyonunulia. Garantii? Karatasi yao inasema uharibifu wa umeme haumo, na kwao kila kitu kinaingia kwenye umeme.

Nikamwita fundi wa mtaani anayetengeneza friji na mashine. Alipofika hakufungua begi. Akaniambia, "Mama, funga mlango, bonyeza kuanza, halafu tusikilize." Tukasikiliza. Kimya. "Umeona? Ingekuwa nzima tungesikia tak ndani ya sekunde chache. Kitasa hicho."

Kitasa cha mlango wa mashine hizi kinatumia umeme. Ndani yake kuna kidonge kinachopata moto, moto huo unakipinda kijibati, kijibati kinasukuma pini inayozuia mlango na papo hapo kinakutanisha mguso unaoipa bodi habari kwamba mlango umefungwa. Bila habari hiyo bodi hairuhusu maji wala mota, na inafanya vizuri, maana vinginevyo maji yote yangeishia kibarazani. Ndiyo sababu ukimaliza kufua unangojea dakika moja au mbili mlango ukubali kufunguka: kidonge kinapoa.

Fundi alichomoa plagi, akatoa waya wa springi unaoshika raba ya mlango, akaikunja raba kwa ndani, akalegeza skrubu, kitasa kikatoka kikiwa kimening'inia na nyaya zake. Meno yake ya kuchomekea nyaya yalikuwa yameota kutu ya kijani. Akasafisha, akajaribu, wapi. Ndipo akachomeka umeme tena na kupima kwa mita yake (hapa mimi na wewe tunakaa mbali, huo ni umeme wa ukutani). Umeme ulikuwa unafika kwenye kitasa, lakini hauvuki kwenda kwenye waya wa kurudisha habari. "Bodi inabisha hodi, kitasa hakiitikii karibu," akasema. Bodi nzima kabisa, ile niliyotakiwa kuinunua.

Kariakoo alikwenda na kitasa cha zamani mkononi pamoja na picha ya kibandiko chenye namba ya modeli, na hilo nawasisitizia. Vitasa hivi vinafanana sura, lakini mpangilio wa meno unatofautiana, na muuzaji atakuapia kwamba "hiki kinaingia zote." Kifaa 45,000, ufundi 30,000, na jioni ileile mashine ikasema tak.

Kilichokiua, kwa maelezo yake, ni unyevu. Tulikuwa tukimaliza kufua tunaufunga mlango papo hapo, mvuke unabaki ndani, na kibaraza chenyewe kina unyevu wake. Siku hizi tunauacha wazi kidogo na tunaifuta raba. Sabuni nayo tumebadilisha, tunatumia ya unga ya mashine isiyo na povu jingi. Ile ya kufulia kwa mikono inatoa povu mpaka kwenye droo.

Nyota zangu tatu zinabaki palepale, kwa sababu mashine inayouzwa Dar ingepaswa kuja na karatasi ya kusema haya mambo, hata kama ni ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kama nyumbani kwako tangi liko chini, au maji ni ya ndoo, usinunue hii. Chukua ile ya mapipa mawili. Utahamisha nguo kwa mkono kutoka pipa la kufulia kwenda la kukamulia, ni kweli, ila unaijaza maji kwa ndoo, zile za kawaida zinaendeshwa na saa ya kuzungusha, na karibu kila fundi wa mtaani anaijua. Kama una presha ya kutosha na soketi yake peke yake ukutani, hii chukua, ila mwambie muuzaji akuonyeshe kitasa cha akiba kabla hujatoa hela. Akikosa jibu, nenda duka la pili.