Breki ya kushoto: uzoefu wangu na gereji iliyotengeneza Massey Ferguson 135 ya marehemu baba

Gereji ile ya mjini sitamshauri mkulima yeyote aipelekee trekta, na nasema hivi nikiwa nimeshatulia, kwa maana ningeandika wiki ile ilipotokea, maneno yangu yangekuwa makali kuliko haya. Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135 alilolinunua marehemu baba likiwa tayari limetumika, na mpaka leo ndilo linalolima shamba letu la mahindi na mbaazi upande wa Mbulumbulu, wilayani Karatu. Sifa zake sitazieleza, maana wanaolifahamu wanalifahamu. Ninachotaka kueleza ni breki ya kushoto.

Kwa wasiowahi kulikalia, 135 lina pedali mbili za breki, zote za mguu wa kulia, moja ya gurudumu la kushoto na nyingine ya gurudumu la kulia. Shambani tunaziacha kila moja ijitegemee, ili ukifika mwisho wa shamba ukanyage upande mmoja na trekta ligeuke papo hapo. Barabarani tunazifunga pamoja kwa kikomeo ili magurudumu yote mawili yashike kwa wakati mmoja. Lakini upande mmoja ukiwa umekufa, kikomeo hicho hakikusaidii kitu, kwa sababu unakanyaga ukiamini unasimama, kumbe unavutwa pembeni.

Dalili nilikuwa nimeziona mapema. Pedali ya kushoto ilikuwa inazama mpaka chini bila gurudumu kushika. Nikaikaza breki kwa bisibisi kama baba alivyonifundisha, ikashika siku mbili, ikaachia tena. Kisha nikaona mchirizi mweusi umeshuka upande wa ndani wa rimu, na vumbi letu jekundu limegandia juu yake. Mchirizi ule ulitosha kunieleza kwamba oili ya gia imepenya sili ya shafti, ile pete inayoizuia isivuje, na kuingia ndani ya drami, chuma cha duara kinachozunguka na gurudumu, na lainingi, yaani bitana inayoibana drami ili isimame, ikishalowa oili haina tena cha kushikia.

Nilifika gerejini asubuhi, nikasalimia. Fundi mkuu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, hakuitikia mpaka alipomaliza kuzungumza na simu, kisha akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu mwingine anakuja. "Mama, mwenye trekta yuko wapi?" Nikamwambia mwenye trekta ni mimi. "Basi niitie dereva tuongee." Nikamwambia dereva pia ni mimi, na kwamba tatizo ni sili ya upande wa kushoto, hivyo naomba abadilishe sili pamoja na lainingi. Akawageukia wenzake akasema, "Haya, leo mama atatufundisha kazi," wakacheka. Mimi akaniambia kwamba matrekta haya ya zamani breki zake ndivyo zilivyo, na anayetaka breki anunue jipya.

Ningeondoka pale pale. Sikuondoka kwa sababu gereji hiyohiyo ndiyo iliyotufungulia injini miaka ya nyuma, na kazi ile ilikuwa safi, haijadondosha hata tone.

Waliifungua drami mbele yangu. Lainingi ilikuwa inang'aa kwa oili kama imetolewa ndani ya ndoo, na kona moja ya chini ilikuwa imemeguka, pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kona ile niliikazia macho bila kujua kwamba nitaikumbuka. Halafu fundi mkuu akachukua mpira wa kompresa akapuliza drami ya upande wa pili, ile kavu, na vumbi lote likamrukia usoni kijana anayejifunza kazi. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, na ndiyo maana drami hufutwa kwa kitambaa chenye maji badala ya kupulizwa. Nilisema. Hakuna aliyenisikiliza.

Siku chache baadaye nilikwenda kulichukua, nikalipa shilingi 380,000 kwa sili mpya na lainingi mpya za pande zote mbili. Pale uwanjani, mahali tambarare, breki zilishika vizuri, kushoto na kulia, na nikajilaumu kwa kumdhania kijana wa watu vibaya.

Mbaazi zilikuwa zimekauka. Safari ya kwanza ya kushusha mzigo nilivuta tela lenye magunia, pedali nimezifunga pamoja, na gia nimeweka ndogo tangu juu, kwa kuwa baba alikuwa akisisitiza kwamba mteremko unashukwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Mpwa wangu alikuwa amekaa juu ya magunia. Katikati ya mteremko tela likaanza kulisukuma trekta, nikakanyaga, na trekta likakata kulia kwa ghafla. Kulia kulikuwa na ukingo wa udongo. Tulijikita hapo, chuma cha kuvutia tela kikapinda, mtoto akaangukia magunia ya mbele na kuchubuka kiwiko. Kushoto kulikuwa na korongo. Kama upande uliolowa oili ungekuwa wa kulia, ninayoyaandika hapa yangeandikwa na mtu mwingine, na ndiyo sababu siwezi kuliita jambo hili kosa dogo la ufundi.

Aliyelitengeneza ni mzee wa kijijini kwetu, fundi mstaafu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya ngano ya Hanang enzi za NAFCO, shirika la umma la kilimo. Aliweka jeki, akazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akaivuta drami. Oili ilikuwa imerudi, na harufu ile nzito ya gia ikatupiga puani. Akaifuta brekishuu, kile chuma kinachobeba lainingi, kwa tambara, nami nikaiona kona yangu: pengo lilelile la ukucha, na ripiti zilezile nyeusi zinazoishikilia. Lainingi haikubadilishwa. Ilioshwa kwa petroli, ikapigwa msasa ikatoka nyeupe, nikauziwa kama mpya. Mzee akanieleza kwamba lainingi iliyokunywa oili haioshwi ikapona, kwa sababu ikipata moto tu huitoa tena oili iliyojificha ndani.

Kisha akaitoa sili, akaiweka kwenye kiganja changu. Sili ina mdomo wenye springi nyembamba kama uzi, na mdomo huo lazima uelekee kwenye oili ili uizuie. Wao waliuelekeza nje. Hapo mzee alisikitika kweli, kwani ili kuifikia sili lazima uitoe kwanza pete inayoshikilia beringi kwenye shafti, na pete hiyo hailegei kwa kuvutwa. Hukatwa kwa tindo, na mpya hupashwa moto mpaka itanuke ndipo iteleze mahali pake, na kazi hiyo yote waliifanya kwa ustadi. Alisema pete ile imekaa kama ya kiwandani. Waliiweza kazi ngumu, wakashindwa kugeuza sili mkononi na kuitazama.

Kwa ajili hiyo nilikwenda tena gerejini nikiwa tayari kusamehe suala la sili, maana kukosea kupo. Nilibeba sili na brekishuu kwenye mfuko. Fundi mkuu hakuufungua. "Mama, trekta likishatoka getini, kazi yetu imeisha." Nilipomwonyesha kona iliyomeguka alisema lainingi zote humeguka. Nilipokuwa natoka, yule kijana wa vumbi alinifuata hadi barabarani, akaniamkia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba spea za lainingi hazikununuliwa kabisa, na kwamba yeye ndiye aliyeagizwa kuziosha. Kijana yule nampa alama zote. Nikisikia siku moja kwamba amefungua gereji yake, trekta langu litakuwa la kwanza kufika.

Kwa hiyo niseme nini kuhusu gereji ile? Kwa injini wanaweza, hilo silifuti. Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba mwenye injini mbovu aende, ila asimame hapohapo awatazame. Lakini kila nikimkumbuka mtoto juu ya magunia nalirudisha neno hilo: msiende, hata kwa injini, kwa kuwa mtu anayeweza kukuuzia lainingi ya kuoshwa huku akijua unashuka milima sijui atakuuzia nini ndani ya injini usiyoweza kuifungua. Fedha ya lainingi bado naidai.

Mbaazi zilizobaki tulizishusha zote kwa sili mpya na lainingi mpya tulizozinunua wenyewe, mzee akiwa shahidi. Baada ya safari ya mwisho, chini ya mteremko, nilishuka nikaweka kiganja kwenye drami ya kulia, kisha ya kushoto. Zilikuwa na joto sawa.