Barua za Biashara ya Risasi na Fedha za Dukesfield: Mapitio

Mkusanyo wa barua za biashara za karne ya 18 kutoka Dukesfield, katika jimbo la Northumberland, Uingereza, ulionakiliwa na watu waliojitolea, ni hazina kubwa kwa yeyote anayetaka kuona jinsi madini yalivyokuwa mali. Barua hizi zinahusu shughuli za familia ya Blackett, ambayo madini yake ya risasi (metali nzito ya kijivu, si risasi za bunduki) yalichimbwa huko Allenheads na Coalcleugh, yakayeyushwa, kisha yakapelekwa Newcastle na kuingizwa katika soko la London.

Kilichonivutia zaidi ni usafirishaji. Madini yalibebwa na farasi wadogo wa mizigo katika njia za milimani, hivyo mvua kubwa au uhaba wa malisho ulitosha kuchelewesha kazi ya tanuri. Risasi yenye fedha (metali ya thamani, si pesa) ya kutosha iliyeyushwa tena chini ya mkondo wa hewa, risasi ikaungana na oksijeni ya hewa kuwa oksidi na kuondolewa kidogo kidogo, hadi fedha ikabaki peke yake. Ndiyo maana barua moja yaweza kuzungumzia risasi kwa tani na fedha kwa aunsi.

Msomaji awe mwangalifu na tarehe: kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza rasmi Machi 25, kwa hiyo barua iliyoandikwa Februari 1728, kwa hesabu yetu ni ya Februari 1729. Upungufu ninaousikitikia ni kwamba wachimbaji na wachukuzi wenyewe huonekana zaidi kupitia kalamu za mawakala. Hata hivyo, naupendekeza mkusanyo huu kwa moyo wote.