Flashi za kuwakabidhi maharusi: uzoefu wangu Dodoma

Wenye haraka wachukue hili waondoke: kwa kumkabidhi mteja video ya harusi, flashi ya GB 32 ya kampuni inayofahamika, iliyofomatiwa FAT32 (namna mojawapo ya kupanga faili ndani ya flashi) na kujaribiwa mwanzo hadi mwisho, inaishinda ya GB 128 ya bei ya kutupa, na inaiacha mbali ile ya TB 2 inayotembezwa barabarani. Wenye nafasi tukae, maana utamu uko kwenye sababu zake.

Mimi ni mpiga video. Harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, mahafali ya UDOM, popote nikiitwa, kuanzia kumbi za Kisasa na Area D hadi Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Kazi yangu yote huishia kwenye flashi. DVD ilishaaga, hata mwenye deki nyumbani, laptopu ya mwanawe haina pa kuiingizia. Kutuma kwa intaneti nako kuna ugumu wake. Video ya saa moja ya Full HD niliyoibana vizuri ni karibu GB 3.6, na sherehe zetu hakuna ya saa moja. Nani amalize bando la mwezi kwa kumtazama mjomba akicheza kwaito?

Kwa nini GB 32? Kuna mteja wa Mpwapwa aliniletea flashi yake mwenyewe, GB 128, mpya kabisa na nzuri. Nikamjazia video, ikacheza kwenye kompyuta yangu na kwenye simu yake, akaondoka ameridhika. Baadaye mama yake akanipigia. Tulipomaliza salamu akasema, "Mwanangu, TV inasema humu hamna kitu, na wageni wameshakaa." Flashi ilikuwa nzima na video nzima. Kilichogoma ni mpangilio wa faili.

Flashi za GB 64 na kuendelea kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, mpangilio ulioletwa na Microsoft mwaka 2006. Kwa miaka mingi mtengenezaji wa TV alihitaji leseni ili kuutumia. Maelezo yake yaliwekwa wazi kwa wote mwaka 2019. Matokeo yake TV nyingi za zamani na za bei nafuu, redio za magari na sabufa zetu za sebuleni zinaijua FAT32 peke yake. Za GB 32 kushuka chini huja na FAT32 tayari, na dirisha la kufomati la Windows kwa muda mrefu halikuruhusu kuiweka kwenye kitu kikubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo GB 32 ndiyo kubwa kuliko zote unayoweza kuichomeka kwenye TV ya bibi yeyote bila kuuliza ni ya mwaka gani.

FAT32 yenyewe ni ya 1996 na ina masharti ya kizee: faili moja haliruhusiwi kufikisha GB 4. Hapo ndipo hesabu yangu ya kubana inapotoka. Video ya megabiti 8 kwa sekunde ni MB 1 kwa sekunde, hivyo saa nzima inaingia bila kuvuka mpaka. Ukienda megabiti 10, saa hiyohiyo inafika GB 4.5 na flashi inakataa, huku kompyuta ikikuambia faili ni kubwa mno ilhali unaona nafasi bado iko tele. Naikata sherehe vipande: saluni, kanisani, picha, ukumbini mwanzo, ukumbini mwisho. Wateja wamependa hivyo kuliko faili moja refu, kwani anayetaka kuona keki haanzi kusogeza tangu bibi harusi anapakwa poda.

Sasa zile za TB 2 za elfu ishirini. Niliinunua moja makusudi kwa kijana anayetembeza saa na chaja, nikijua fika ninachonunua, ili niwe na cha kuwaonyesha wanaoniuliza kwa nini yangu ni ghali kwa ukubwa wake. Nilipoichomeka, kompyuta ikaandika TB 2 bila kusita, na hapo ndipo watu wanapotekwa. Ndani ya flashi kuna vitu viwili vya maana: chipu ya kumbukumbu inayotunza data, na chipu ndogo ya kontrola inayozungumza na kompyuta. Kompyuta haihesabu kumbukumbu yenyewe, inaiuliza kontrola. Anayeghushi huiandika upya programu ya kontrola ili idanganye. Nyuma yake kunaweza kuwa na GB 16 au 32 za kweli, na ukizivuka, faili mpya zinamwagwa hewani au zinaandikwa juu ya zile za zamani. Majina ya faili unayaona, ukubwa unauona, ukibofya halifunguki. Kwa harusi ni balaa kubwa, kwa sababu faili za mwanzo hucheza vizuri; mteja anajaribu dakika mbili za kanisani, anashukuru, anakwenda zake.

Kipimo ni cha bure. Kwenye Windows kuna H2testw, programu ndogo kutoka Ujerumani isiyohitaji hata kusakinishwa. Kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote zinafanya kazi kwa mtindo mmoja: zinaijaza flashi data zinazozijua, kisha zinairudia kuisoma na kulinganisha. GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde inakula karibu saa moja kujaa, na muda kidogo wa kusoma. Hiyo TB 2 kwa mwendo huohuo ingehitaji zaidi ya saa 55, lakini sikuwa na haja ya kufika huko. Nilipoijaza sehemu tu ya kutosha, programu ikaonyesha kwamba kilichosalimika hakizidi GB 30. Nikaifungua kwa kisu: ndani kuna kibao cha saketi na memori kadi ndogo iliyogandishwa kwa gundi. Fundi simu wa jirani alicheka akasema "diski" za SSD (zile zisizozunguka, zenye chipu kama flashi) za aina hiyo ndizo zina vituko zaidi, unakuta na kipande cha chuma cha kuongeza uzito ili mkononi ijisikie ya kweli.

Mtu akijua jinsi chipu inavyotengenezwa, bei ya elfu ishirini inajikana yenyewe. Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa Japani na Fujio Masuoka akiwa Toshiba. Aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyo ndani ya flashi zetu, ilitangazwa 1987. Inaanzia kwenye bamba la duara la silikoni lenye kipenyo cha milimita 300, linachapwa kwa mwanga na kemikali, tabaka juu ya tabaka. Chipu za sasa zina tabaka zaidi ya 200. Bamba hukatwa vipande vidogo na kila kipande hupimwa. Wanaoweza kazi hiyo duniani ni wachache: Samsung, SK hynix, Kioxia iliyozaliwa kutoka Toshiba, SanDisk wanaoshirikiana nayo viwanda vya Yokkaichi, Micron, na YMTC ya Wuhan. Kingston, ambayo madukani kwetu iko kila kona, haitengenezi chipu. Inanunua, inaunganisha na kontrola, inafungasha na kuweka waranti. Hamna ubaya hapo. Swali ni chipu ya daraja gani inayonunuliwa. Zinazofaulu vizuri huenda kwenye SSD za seva na simu za bei, zenye kasoro kidogo hushushwa daraja, na zilizokataliwa kabisa nazo hupata njia ya kufika sokoni zikiwa na nembo ya mtu mwingine.

Kuna jambo la kasi ambalo wauzaji wanalikoroga. Boksi linaandika "USB 3", watu wanaamini itakuwa mbio. USB 2 ina uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, USB 3.0 gigabiti 5. Lakini hicho ni kipimo cha njia. Ukijenga barabara ya njia nne kutoka Mtumba hadi mjini, guta litabaki guta. Flashi nyingi za bei ya chini zenye mdomo wa buluu, alama ya USB 3, zinaanza kuandika kwa MB mia na kitu, baada ya GB chache zinaporomoka hadi 15, nyingine 8. Ni kwa sababu kuna sehemu ndogo ya chipu inayopokea data haraka, ikijaa unabaki na mwendo wake halisi. Kwa mteja hilo halina shida, TV inahitaji MB 1 tu kwa sekunde. Anayeumia ni mimi ninayejaza flashi za kamati nzima Jumatatu asubuhi.

Nikinunua naangalia pia umbo. Zile fupi za chuma, ndogo kama ukucha, zinapendeza kwenye funguo, ila kila kitu ndani yake kimeyeyushwa kuwa kipande kimoja cha plastiki nyeusi. Ikifa, fundi wa kawaida hana pa kushika. Ile ndefu yenye kibao cha saketi ikivunjika mdomo, na watoto wanavunja sana, fundi anaichomelea upya na video inarudi. Kwa harusi nachagua ndefu.

Kuhusu kutunza, hapa nitakuwa mkali kidogo. Flashi ni ya kubebea. Kila chumba cha kumbukumbu ndani ya chipu kinashikilia data kwa kunasa elektroni, na chipu za bei nafuu hukamua biti tatu au nne kwenye chumba kimoja, maana yake viwango 8 au 16 vya chaji vinavyopaswa kutofautishwa. Chaji huvuja taratibu, na joto huharakisha. Kiwango cha JEDEC, shirika linalopanga viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida zilizokwisha kutumika hadi ukomo wake kinadai zitunze data mwaka mmoja tu bila umeme katika nyuzi 30. Flashi mpya iliyoandikwa mara moja ina hali nzuri kuliko hiyo, lakini sasa iweke kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Oktoba, Dodoma. Ndiyo maana natoa mbili na kumwambia mteja aikopi moja kwenye kompyuta siku hiyohiyo.

Kwangu mimi kumbukumbu za kazi ziko kwenye diski mbili za nje, zile za kuzunguka, na picha zinazoendelea kuhaririwa ziko kwenye SSD. Diski ya kuzunguka ni nafuu kwa kila TB na imefungwa vizuri hata vumbi letu la kiangazi haliingii kwenye sahani zake. Inachoogopa ni kudondoshwa ikiwa inazunguka, maana kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani. Ziko nyumba mbili tofauti. Moja yake nimeifomati NTFS, mpangilio mwingine wa faili wa Windows, kwa sababu exFAT haina daftari la kurekodi mabadiliko, na umeme ukikatika katikati ya kukopi unaweza kukuta folda nzima imegeuka herufi za ajabu.

Virusi sitaviongelea sana. Flashi ikitoka kuprinti steshenari na kila folda imekuwa njia ya mkato, usifomati. Mara nyingi faili zipo, zimefichwa. Fungua dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako, zitarudi. Kisha safisha kwa antivirusi kabla ya kuichomeka kwingine.

Bei: nzuri ya GB 32 naipata kati ya elfu kumi na elfu kumi na tano, kutegemea duka, na risiti nadai kila mara kwa sababu bila risiti hakuna wa kukubadilishia. Nikinunua nyingi kwa mpigo najaribu mbili tatu palepale dukani. Muuzaji akinuna, nabadilisha duka.

Limebaki suala la maboksi ya mbao. Maharusi wa siku hizi wanataka flashi ya mbao iliyochongwa majina na tarehe, ndani ya kiboksi chenye nyasi kavu. Ni nzuri kweli, inapigwa picha kuliko video yenyewe. Nilizojaribu zilikuwa na chipu isiyo na jina wala alama, nyingine zikafeli H2testw, nyingine zikafaulu kwa mwendo wa kobe. Nikazungumza na fundi seremala, ananichongea kiboksi kitupu cha mninga chenye nafasi ya flashi mbili za dukani. Majina yanachongwa juu ya kifuniko, na bei naandika kwenye ankara mstari wake peke yake, mteja aone analipia mbao kiasi gani na kumbukumbu kiasi gani.