Waliniuzia surimono iliyokatwa mashairi

Surimono hazikuchapwa ili ziuzwe madukani. Vikundi vya washairi wa Japani, hasa mwanzoni mwa karne ya 19, viliagiza picha hizi, zinazochapwa kwenye karatasi kwa mbao zilizochongwa, kwa gharama zao wenyewe, vikawapa kazi wachoraji kama Hokusai na Hokkei, kisha wanachama wakagawiana wakati wa Mwaka Mpya. Duka la Ulaya lililoniuzia moja kupitia mtandao linastahili sifa kwa ufungaji wake, kwani mzigo ulifika bila kukunjamana, na nilipoiinamisha karatasi dirishani, theluji iliyochapwa bila wino ilijitokeza kwa vivuli vyake na unga wa fedha ukametameta.

Kisha nikatazama ukingo wa chini. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, na hapakuwa na shairi hata moja. Surimono ndefu za aina hii zilichapwa kwenye karatasi pana iliyokunjwa katikati, nusu moja ikibeba picha na nusu ya pili mashairi; kwa hiyo nilichouziwa kwa maelezo ya "kamili" kilikuwa nusu ya kazi. Wakusanyaji wengi wa zamani walizikata hivyo, na silaumu duka kwa kisu cha mtu mwingine. Ninacholaumu ni kufichwa, na zaidi ya hapo, jibu nililopewa na mhudumu wao: kwamba mashairi hayana faida kwa mnunuzi asiyesoma Kijapani.

Jibu hilo limenikera kuliko hasara yenyewe. Washairi ndio waliomlipa mchoraji, mchongaji na mchapaji, ili mizani zao 31 katika mishororo mitano zipate picha ya kuzisindikiza. Kuiondoa sehemu hiyo ni kama kumuuzia mtu kanga iliyokatwa jina lake, kisha kumwambia kwamba maua yamebaki.

Fedha zangu walirudisha, tena bila kuchelewa, na kwa sababu hiyo nilikusudia kuandika kwamba mnaweza kununua kwao kwa tahadhari. Lakini kila ninapolisoma tena jibu lile naona sivyo: msinunue kwao. Labda zile ndogo za karibu mraba, zenye takriban sentimita 20 kwa 18, ambazo mashairi yake yamo ndani ya picha na hayakatiki kirahisi. Na hata hizo, dai kwanza picha za kingo zote nne na za mgongo wa karatasi, kwa maana nakala zilizochongwa upya enzi ya Meiji (1868–1912) ni nyingi, na sina imani tena kwamba watu hawa wangekueleza.