TAHADHARI: Bolti za "10.9" zinazouzwa kwa wenye Fuso za zamani ni chuma laini

Wenye Fuso na Isuzu za zamani, someni hii kabla hamjafungua tena mkoba kununua bolti za injini.

Mwezi uliopita nilibadilisha mauntini za injini ya Fuso yangu ya 6D16. Raba zilikuwa zimekwisha, injini inacheza. Fundi akakataa kurudisha bolti za zamani kwa kuwa uzi ulishaliwa. Nikaenda duka moja la spea hapa Dar, muuzaji akanitolea bolti 8 za milimita 12, uzi mwembamba wa 1.25, kichwani zimeandikwa 10.9, yaani daraja la chuma kigumu. Kila moja shilingi 6,000. "Bosi, hizi ndizo Japani yenyewe." Akaniongezea kichupa cha gundi ya kufungia nati. Risiti akaandika kwa mkono, nami nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea.

Fundi alifanya kazi yake sawasawa. Alisafisha uzi kwa petroli, akapaka gundi, akakaza kwa spana ya kipimo, kisha akachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye braketi. Mstari huo ndio uliotufumbua macho.

Gari lilikwenda Ilula kubeba nyanya. Wakati wa kurudi, likishuka mlima Kitonga na mzigo kwa gia nzito, dereva akasikia kitu kinagonga chini ya kabini na leva ya gia ikaanza kumpiga mkono. Alijikongoja hadi Ruaha Mbuyuni. Braketi ya kulia ilikuwa inacheza, washa (vile vibati vya duara chini ya nati) unazizungusha kwa kidole. Lakini mstari wa rangi ulikuwa umenyooka vilevile, nati haikuwa imezunguka hata kidogo! Bolti zenyewe ndizo zilizovutika. Tulipozitoa, mbili zilikuwa zimekonda shingoni. Nikifikiria dereva na tingo wake wakiwa kwenye kona zile, usingizi unanipaa.

Bolti hushika kwa sababu ukiikaza inavutika kidogo na kutaka kurudi, kama springi. Ya 10.9 ya kweli huhimili megapaskali (kipimo cha nguvu ya kuvuta chuma) 900 hivi kabla haijarefuka bila kurudi tena. Chuma laini cha daraja la 4.6 huishia 240. Ukikikaza kwa kipimo cha 10.9 umeshakiua palepale gereji, na mtikisiko wa injini unamalizia tu.

Nilimrudia muuzaji. "Fundi wako hakukaza. Ongeza washa mbili za springi." Nikamwonyesha picha ya mstari, akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Na hizo washa za springi zisiwadanganye, ukishakaza bolti kubwa zinalala bapa na hazizuii kitu.

Bolti ya 10.9 halali huwa na alama ya kiwanda kichwani pamoja na namba. Zangu zina namba tu, na imepigwa kwa kina kisicholingana. (Za asili za Kijapani nyingi huwa na namba moja, kama 7 au 9, msizitupe kwa hofu.) Piga tupa kwenye bolti mpya na kwenye ya zamani uliyotoa kwenye gari. Yangu ililika kama msumari. Gundi nayo, dondosha tone kwenye plastiki. Ya kweli huganda ikibanwa kati ya vyuma bila hewa, kwa hiyo tone la wazi hubaki bichi. Langu lilikauka kama vanishi.

Bolti zote 8 ninazo, na ninazipeleka Tume ya Ushindani, FCC. Ila bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kazi itakuwa ngumu, hivyo ninyi msikubali ya mkono.

Zinauzwa kwenye boksi la kahawia lisilo na jina la kiwanda wala nchi, bolti zimepakwa rangi nyeusi inayobaki kwenye vidole. Kama umezifunga, ingia chini ya gari leo, shika washa kwa kidole. Ikizunguka, usipakie mzigo.