Breki za pikipiki kongwe ya mashindano: kipi ununue kwanza

Ukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo kwa pikipiki ya miaka ya 1970, kona za mwanzo utaziona nyepesi. Ukifika Soni, mkono wa breki umeshaanza kuukaribia mpini, na kutoka hapo hadi Mombo ni dua tu. Dramu ya mbele, lile bakuli la chuma ndani ya gurudumu, imepata moto, imetanuka, imezikimbia shuu zinazoisugua kutoka ndani. Si kwamba imeharibika. Ndivyo dramu ilivyo.

Ninayo Honda CB350 niliyoachiwa na ami yangu hapa Ngamiani. Nimeivua madoido yote, nikaifunga mpini mfupi na siti ya mtu mmoja, ifanane na zile zinazokimbizwa kwenye mashindano ya pikipiki za kale huko Marekani. Tanga hatuna kiwanja cha mbio, basi kipimo changu ni mteremko huo wa Usambara. Nimenunua vitu vya breki vingi kuliko akili, na huu ndio mpangilio wangu, kuanzia kile kinachostahili pesa yako mapema.

Namba moja, tena kwa mbali, ni lainingi mpya, yaani tabaka la kusugua linalobandikwa kwenye shuu, kwa dramu uliyonayo. CB350 za awali, zilizotoka 1968, zina shuu mbili mbele, na zote mbili husaidiwa na mzunguko wa gurudumu kujikaza zaidi. Mfumo mzuri sana. Watu huulaumu bure wakati lainingi zimekauka zikang'aa kama kioo na dramu yenyewe imepinda. "Kaka, hili si duara, hili ni yai," aliniambia fundi wa kukereza siku nilipompelekea gurudumu langu. Yai hilo husababishwa na spoki, zinavyoivuta dramu huku na huku. Ndiyo maana dramu hukerezwa gurudumu likiwa limeshasukwa na spoki zimekazwa. Ukikereza habu tupu halafu ukaenda kusuka ringi, jiandae kulipa tena. Dramu ikishakaa sawa, shuu nazo zikerezwe zikiwa zimefungwa kwenye sahani yake, zipate mviringo wa dramu hiyohiyo.

Kwenye kubandika lainingi usitafute rahisi. Mimi nilitafuta. Chuma hakikusafishwa vizuri, gundi ikapakwa ikaachwa ikauke yenyewe, na lainingi ikabanduka nikiwa chini kidogo ya Soni, ikajikunja ndani ya dramu. Gurudumu la mbele lilinasa kwa kitambo, nami namshukuru Mungu nilikuwa kwenye mwendo wa bajaji. Siku hizi swali langu la kwanza kwa fundi ni kama anaibana shuu na kuioka gundi kwa joto. Akicheka, naondoka. Kumbuka pia kwamba lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi lake kwa kompresa kama tunavyozoea gerejini. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupe.

Kinachobaki ni kurekebisha, na hakikugharimu hata senti. Legeza ekseli, zungusha gurudumu, shika breki kwa nguvu, kisha kaza ekseli ukiwa bado umeshika, ili shuu zikae katikati. Fimbo inayounganisha mikono miwili iliyo nje ya dramu irekebishwe mpaka shuu zote ziguse kwa wakati mmoja. Breki ikishashika, waya na mkono huo wa dramu vitengeneze pembe ya nyuzi 90 hivi, maana pembe ikizidi hapo nguvu ya vidole inapotea. Kasoro moja ya shuu za aina hii huwezi kuitibu: hazishiki vizuri ukirudi nyuma. Ukisimama mlimani nyuma ya lori, mguu usitoke kwenye breki ya nyuma.

Namba mbili ni diski ya zama zilezile. Honda CB750 ya 1969 ndiyo iliyoleta diski ya haidroliki mbele kwenye pikipiki ya kuuzwa kwa wingi, na CB350 nazo zikapata diski mwaka 1973. Ukipata sehemu yote ya mbele kutoka pikipiki ndugu, yaani shokapu, gurudumu na kalipa yake inayobana diski, inafunga bila kuchongachonga sana. Lakini usiinunue ukaifunga kama ilivyo. Chumvi ya bahari yetu hula kromu ya pistoni ya kalipa, pistoni inanata, na pedi inabaki inasugua. Weka pistoni ya chuma kisichoshika kutu, na mpira wa breki ubadilishe kwa paipu iliyosukwa nyuzi za chuma, kwa sababu mpira wa miaka 50 unavimba kila unaposhika.

Halafu tazama masta, ile pampu ya mafuta iliyo kwenye mpini, hupimwa kwa upana wa pistoni yake. Ukitoka kwenye masta ya milimita 14 kwenda ya 12.7, presha inaongezeka kwa asilimia 21 hivi kwa nguvu ileile ya vidole, ila mkono utasafiri zaidi. Kwa diski moja na kalipa ndogo ni badiliko zuri. Kwa diski mbili unaweza kujikuta mkono umegusa mpini kabla pikipiki haijasimama.

Mafuta ya breki nunua DOT 4 yenye chupa iliyofungwa, si ile nusu iliyokaa rafuni. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, yakishanyonya maji kiwango hushuka hadi karibu 155, na hewa ya Tanga ni maji matupu. Mimi nabadilisha kila mwaka baada ya masika.

Namba tatu ni dramu kubwa ya shuu nne, kama ile ya Suzuki GT750 ya 1972, ambayo mwaka uliofuata ilibadilishwa kwa diski mbili. Kwa uzuri hakuna kinachoifikia, na ukiirekebisha vizuri inashika kweli. Tatizo ni kuipata, na ushuru wa kuiingiza utakuliza. Tena ina matundu ya kuingiza upepo, na kwa mvua zetu yatakuingizia maji. Kama unajenga pikipiki ya kushindana nje, fikiria upya, maana madaraja mengi ya mashindano ya pikipiki za kale hayakubali breki iliyokuja baada ya zama zake, na hapo dramu hii inapanda daraja.

Kalipa za kisasa za pistoni nne? Zina nguvu kuliko shokapu nyembamba za enzi hizo zinavyoweza kuhimili. Pita.

Mwisho kabisa ni sehemu ya mbele ya bodaboda. Najua ipo kila kona na bei yake inavutia. Nilimuona kijana kaifunga kwenye Yamaha ya babake, pikipiki ikaegemea mbele kama ng'ombe anayekunywa maji, na breki bado haikutosha.

Lainingi mpya zikishafungwa, usikimbilie mlimani. Mimi hutoka alfajiri barabara ya Raskazone kabla watu hawajaamka, nashika breki taratibu kutoka mwendo wa 50, naiacha ipoe, narudia. Kisha nafungua dramu nione shuu zimegusa wapi. Panapong'aa pamegusa, na mpaka mng'ao uenee karibu shuu nzima, Lushoto nakwenda kwa basi.