Programu za kuimbisha selfi: ipi ilipiwe, ipi ijaribiwe bure

Anayetaka kulipia programu ya akili mnemba ya kuimbisha selfi, yaani ya kuifanya picha ya uso ionekane inaimba, na aulize jambo moja kabla hajatazama bei: je, programu hiyo inapokea sauti ninayoileta mwenyewe, au inanilazimisha kuchagua wimbo katika orodha yake? Nimepanga mwongozo huu kwa kufuata swali hilo, kwa sababu wengi wetu tunataka kumpelekea mtu pongezi za harusi au za siku ya kuzaliwa kwa Kiswahili, ilhali orodha za programu nyingi zimejaa vibao vya Kimarekani ambavyo bibi yangu wa Kisauni hana habari navyo.

Tofauti hiyo inatokana na namna zinavyofanya kazi. Katika aina ya kwanza, ile ya orodha, mwigizaji hurekodiwa akifuatisha wimbo fulani kwa midomo, nyusi na shingo, kisha programu huihamisha miondoko yake kwenye picha yako, na ndiyo maana nyimbo haziwezi kuzidi zile zilizokwisha kuigizwa. Aina ya pili, inayopokea sauti yako, huichambua sauti yenyewe na kukadiria mdomo ungekaaje kwa kila kipande kidogo cha sekunde. Kwa kuwa inafuata sauti na si maandishi, haihitaji kukijua Kiswahili, na kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, mdomo hufunguka na kufumba kwa namna inayoonekana wazi. Hata hivyo, ngoma na kinanda vikiifunika sauti ya mwimbaji, midomo huanza kutetemeka bila mpango. Ni afadhali kurekodi sauti kavu, yaani isiyo na ala, katika chumba kisicho na mwangwi, kutengeneza video, kisha kuongeza ala baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa Hedra ya Marekani, ambayo hutumika hata kwenye kivinjari bila kupakua chochote. Unaipa picha moja na faili ya sauti, nayo hukurudishia video ambamo si mdomo pekee unaosogea, bali pia macho, kichwa na mabega. Toleo lake la Character-3, lililotoka Machi 2025, ndilo lililonifanya niiweke juu ya nyingine. Malipo huhesabiwa kwa pointi zinazopungua kwa kila video unayotengeneza, kwa hiyo mtu asinunue kifurushi kikubwa kabla ya kujua anahitaji sekunde ngapi. Ubeti mmoja na kiitikio vinatosha kwa salamu ya WhatsApp.

D-ID ya Israeli inafuata. Kampuni hii ilianza mwaka 2017 kwa lengo la kuzikinga picha za watu zisitambuliwe na mashine, kisha ikageukia kuzipa picha uhai. Nayo hupokea sauti yako mwenyewe, lakini kwa maoni yangu inafaa zaidi kwa maneno ya kawaida, kama tangazo la duka au hotuba fupi, kuliko kwa wimbo wenye irabu zinazovutwa kama za taarabu. Ukitaka picha izungumze badala ya kuimba, D-ID na ipewe nafasi ya kwanza.

Ya tatu ni Wombo, iliyotoka Kanada mwaka 2021 na kuenea haraka sana. Ni ya aina ya orodha: unapiga selfi, unachagua wimbo, unasubiri kidogo, mnacheka. Kwa kazi hiyo ni nzuri na rahisi kuliko zote, na mtoto wa darasa la tano anaimudu, lakini sioni sababu ya kuilipia usajili wa mwaka mzima, kwa kuwa hamu ya nyimbo zile zile huisha baada ya siku chache.

Kwa mwenye kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, mpangilio wote huu hubadilika. SadTalker, iliyotolewa kwa umma mwaka 2023, na LivePortrait ya kampuni ya Kichina ya Kuaishou, ya mwaka 2024, zinapatikana bure, na picha haitoki kwenye mashine yako. Ya kwanza hufuata sauti; ya pili hufuata video, yaani unajirekodi ukiimba na picha inakuiga. Kuzisakinisha ni kazi ya jioni nzima hata kwa mzoefu.

Nimeiacha nje ya orodha huduma ya Deep Nostalgia ya MyHeritage, tovuti ya kutafuta nasaba za familia, ingawa huulizwa mara nyingi na wenye picha za zamani za familia. Ilipotoka Februari 2021 iliwafanya watu pichani wageuze kichwa, wapepese macho na kutabasamu tu, na kampuni ilisema iliacha kuwapa sauti makusudi ili isitumiwe kughushi video za watu walio hai.

Programu yoyote utakayochagua, picha ndiyo itakayoamua matokeo, na hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Shangazi yangu ana mwanya ambao mtaa mzima unaujua na ambao yeye mwenyewe anauonea fahari. Nilitumia picha yake akiwa amefumba mdomo, nayo programu, kwa kuwa haikuwa imeyaona meno yake, ikamtungia mengine: meupe, yaliyobanana, bila mwanya. Alipoitazama video alisema, “Huyu si mimi, mwanangu,” akanirudishia simu. Nilirudia kwa picha aliyokuwa akicheka, mwanya ukionekana, na safari hii alijitambua. Kwa hiyo chagua picha ya uso uliotazama mbele, yenye mwanga sawa pande zote na meno yakionekana kidogo. Miwani hupinda kichwa kinapogeuka, na ukingo wa mtandio uliobana shavu huweza kusogea pamoja na ngozi. Mtandio uliolegea kidogo hutoka vizuri zaidi.

Muombe ruhusa mwenye uso kabla hujapandisha picha yake kwenye seva za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019 na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria, sura ya mtu ni mali yake. Kwa marehemu, zungumza kwanza na wanawe.

Kuhusu malipo, tovuti nyingi hutaka kadi. Aliye Kenya anaweza kutumia kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022, na kwingineko kadi ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni itafaa. Chagua mwezi mmoja, si mwaka, na uogope sana jaribio la bure la siku tatu linalogeuka kuwa malipo ya kila wiki. Mimi nilikatwa wiki tano mfululizo na programu niliyokuwa nimekwisha kuifuta, kwa kudhani kwamba kuifuta kwenye simu kunatosha. Hakutoshi: usajili husitishwa ndani ya akaunti yako ya Google Play au ya Apple, sehemu ya usajili, na ni vyema kufanya hivyo siku ile ile unayoanza jaribio, kwa kuwa mara nyingi utaendelea kuitumia mpaka siku ulizopewa ziishe.